Mtakatifu Yohane Bosco: Mlezi Aliyewahi Kabla ya Jeraha



Tarehe 31 Januari ya kila mwaka Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane Bosco, Padre, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Don Bosco. Kwetu kumbukumbu hii huangukia majuma ya mwanzo ya mwaka mpya wa masomo. Wazazi wamekwisha kununua sare na madaftari, ada imetafutwa kwa jasho, na wengine wamewasindikiza watoto wadogo hadi shule za bweni. Lipo jambo moja lisiloandikwa katika orodha ya mahitaji inayotolewa na shule, nalo ni amani ya moyo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linatufundisha kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na kwamba mengi kati yake hayatambuliwi wala kutibiwa. Maana yake ni kwamba mengi huanza mtoto akiwa bado anavaa sare ya shule, mbele ya macho ya wazazi, walimu na mapadre.

Don Bosco hakuwa tabibu, wala watu wa zama zake hawakuzungumza juu ya afya ya akili kwa namna tunayozungumza leo. Hata hivyo, maisha yake yote aliyatoa kwa wazo moja: mtoto afikiwe kabla hajavunjika. Malezi yake aliyaita mfumo wa kuzuia, yaani malezi ya kinga. Ndiyo maana inafaa tuyapitie maisha yake taratibu, tuone wazo hilo lilizaliwa wapi na lilimgharimu nini.

Yatima wa Becchi

Yohane alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, Castelnuovo d'Asti, mkoa wa Piemonte, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Francesco, alikuwa mkulima. Alifariki dunia kwa homa ya mapafu mwaka 1817, Yohane akiwa hajatimiza miaka 2. Mama yake, Margherita Occhiena, aliachwa na watoto watatu: Antonio, aliyezaliwa na mke wa kwanza wa Francesco, kisha Giuseppe na Yohane. Palikuwa na njaa kali nchini. Mjane huyo kijana alipata posa nzuri, lakini kwa sharti kwamba watoto wangekabidhiwa kwa mlezi mwingine. Alikataa. Aliona kwamba watoto waliokwisha kumpoteza baba hawapaswi kumpoteza na mama.

Nyumba hiyo haikuwa na amani siku zote. Antonio hakupenda kumwona mdogo wake akishika vitabu, kwa kuwa kwake mtoto wa mkulima alihitaji jembe tu. Ugomvi ulizidi hata mwezi Februari 1828 Margherita akalazimika kumtuma Yohane, mwenye umri wa miaka 12, kutafuta kazi ya kibarua. Alipokelewa katika shamba la familia ya Moglia, akakaa huko karibu miaka 2, mbali na mama na mbali na shule.

Aliporudi alikutana na padre mzee, Don Calosso, aliyekubali kumfundisha Kilatini. Kwa mara ya kwanza kijana huyo alipata mtu mzima wa kumfungulia moyo wake wote. Lakini mwezi Novemba 1830 padre huyo alifariki dunia ghafla, na Yohane akazama katika huzuni iliyomfuata usiku na mchana. Hapo tunaiona hekima ya Mama Margherita. Hakumwambia mwanawe ajikaze kiume, wala hakungoja huzuni hiyo imwangushe. Alimpeleka akae kwa muda kwa babu yake huko Capriglio, abadilishe mazingira na akae kati ya ndugu wampendao. Mwanamke huyo hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua kumsoma mtoto wake.

Mwaka 1831 Yohane alikwenda mji wa Chieri kusoma, akijilipia kwa kazi za mikono. Huko alianzisha na wenzake kikundi walichokiita Chama cha Furaha. Masharti yake yalikuwa machache: mwanachama aepuke maneno na matendo yasiyomfaa Mkristo, atimize wajibu wake wa shule na wa dini, na akimbie kila kitu kinacholeta majonzi yasiyo na sababu. Mwaka 1835 aliingia seminari ya Chieri. Aliwaheshimu walezi wake, lakini aliumia kuona walivyokaa mbali na waseminari, kiasi kwamba kijana alimwona mkubwa wake hasa alipoitwa kuonywa. Aliazimia moyoni kwamba akijaliwa kuwa padre, vijana wasimkimbie.

Alichokiona gerezani

Alipewa daraja takatifu la upadre tarehe 5 Juni 1841 mjini Torino, kwa mikono ya Askofu Mkuu Luigi Fransoni. Torino ilikuwa inakua haraka. Vijana wengi walitoka vijijini kuja kutafuta kazi za ujenzi na viwandani, wakilala popote na kufanya kazi za kutwa kwa ujira mdogo. Mwalimu wake wa maisha ya kiroho, Padre Giuseppe Cafasso, ambaye leo naye ni mtakatifu, alimchukua pamoja naye kutembelea magereza.

Huko aliwakuta vijana wa kati ya miaka 12 na 18, wenye afya na akili nzuri, wakiozea kwenye vyumba vichafu pasipo kazi wala mafundisho. Kilichomtikisa zaidi ni kuwaona baadhi yao wakitoka na baada ya muda mfupi kurudi tena. Aliwachunguza, akagundua kwamba walirudi kwa sababu nje hapakuwa na mtu anayewangoja. Hapo ndipo lilipozaliwa swali lililomwongoza hadi kaburini: je, kama vijana hawa wangekuwa na rafiki kabla ya kufika hapa?

Jibu lilianza tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Don Bosco alikuwa akijiandaa kwa Misa. Kijana wa kazi za ujenzi, Bartolomeo Garelli, yatima mwenye umri wa miaka 16, aliingia humo. Mtunza sakristia alimtaka atumikie Misa, na alipojibu kwamba hajui, alimpiga na kumfukuza. Don Bosco alisikitika sana, akaagiza kijana huyo arudishwe mara moja kwa kuwa ni rafiki yake, ingawa hakuwa amemwona hata siku moja. Baada ya Misa alikaa naye, akamuuliza habari za wazazi wake na kazi yake, kisha akamfundisha kufanya ishara ya msalaba. Garelli alirudi Jumapili iliyofuata akiwa na wenzake. Oratorio, yaani nyumba ya sala, mafundisho na michezo kwa vijana, ikawa imeanza.

Padre aliyedhaniwa amerukwa na akili

Kwa karibu miaka 5 kundi hilo lilihamahama. Majirani walichoshwa na kelele, wenye nyumba waliwafukuza, na serikali ya mji iliwatilia shaka. Don Bosco aliendelea kuzungumza juu ya viwanja, nyumba na makanisa atakayowajengea vijana wake, hali hana hata chumba. Baadhi ya mapadre wenzake wakaamini kwamba amepatwa na wazimu. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi wawili kati yao walivyokuja na gari la farasi ili wampeleke hospitali ya wagonjwa wa akili, naye akawatanguliza wao ndani ya gari, akafunga mlango na kumwamuru mwendeshaji aondoke. Tunacheka tukisoma kisa hicho. Lakini kinatukumbusha pia jinsi ilivyo rahisi kumbandika mtu jina la mwendawazimu, na jinsi jina hilo linavyoweza kumfanya hata mgonjwa halisi aufiche ugonjwa wake.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, vijana hao walipata makao ya kudumu katika banda la Bwana Pinardi huko Valdocco, pembeni mwa Torino. Mwezi Julai mwaka huo mwili wa Don Bosco ulishindwa. Kazi zisizo na mapumziko zilimlaza, akapakwa mafuta ya wagonjwa, na madaktari hawakuwa na matumaini. Vijana wake, wengi wao vibarua, walifunga na kusali kwa zamu. Alipona, akarudi Becchi kupumzika kwa miezi kadhaa. Mwezi Novemba alirejea Torino akiwa ameandamana na mama yake, aliyeacha nyumba yake na wajukuu ili awe mama wa watoto wasio na mama.

Mwaka 1847 kijana yatima alibisha hodi usiku, amelowa mvua. Mama Margherita alimpa chakula, akamkausha motoni na kumtandikia. Kabla hajalala alimwambia maneno machache ya kumtia moyo, akasali naye. Kutokana na usiku huo ilizaliwa desturi ya Wasalesiani ya kuwaambia vijana neno fupi la upendo kila jioni, mtoto asiende kulala na mzigo wa siku nzima moyoni.

Don Bosco hakuwaacha vijana wake mikononi mwa waajiri wakatili. Kuanzia mwaka 1851 alisaini mikataba kwa niaba ya wanagenzi wake, ikimtaka fundi amfundishe kijana kazi kweli, asimpige, na ampe mapumziko siku za sikukuu. Baadaye alifungua karakana zake mwenyewe: za viatu na ushonaji mwaka 1853, kisha za kujalidi vitabu, useremala na uchapaji.

Dominiko na Michele

Mwezi Oktoba 1854 alipokelewa Valdocco mvulana wa miaka 12, Dominiko Savio. Siku moja alisikia mahubiri juu ya wito wa utakatifu, akaguswa sana. Kwa siku kadhaa alionekana amejitenga, mwenye mawazo, hana uchangamfu wake wa kawaida. Alidhani utakatifu unamtaka aache michezo na kutumia saa nyingi katika sala za peke yake. Mlezi mwingine angefurahi kupata mtoto mtulivu namna hiyo. Don Bosco aliona hatari. Alimwita, akamuuliza kama anaumwa, akamsikiliza, kisha akamwelekeza adumu katika furaha, atimize wajibu wake wa masomo na sala, na acheze na wenzake. Dominiko aliposhika mazoezi magumu ya kujitesa mwili, alimkataza. Dominiko alifariki dunia tarehe 9 Machi 1857, akatangazwa mtakatifu mwaka 1954.

Mwingine alikuwa Michele Magone, mvulana asiye na baba, kiongozi wa kundi la watoto watundu wa Carmagnola, ambaye Don Bosco alikutana naye kwenye kituo cha treni mwaka 1857. Alipofika Valdocco alikuwa wa kwanza uwanjani kwa mbio na kelele. Baada ya wiki chache akabadilika. Aliwatazama wenzake wakicheza, naye akajificha pembeni na kulia. Don Bosco aliliona badiliko hilo, akamwita. Hakumkaripia kwa ukimya wake wala hakumlazimisha aseme. Alimpa nafasi, na hatimaye mtoto akafunua kwamba dhamiri yake ilikuwa imevurugika na hakujua aanzie wapi. Alisaidiwa kwa upole kuandaa maungamo mazuri, na furaha yake ikarudi. Alifariki dunia mwezi Januari 1859. Don Bosco aliandika maisha ya wote wawili ili walezi wajifunze.

Ndugu wapendwa, tusipite haraka hapa. Katika visa hivyo viwili mtoto hakuvunja sheria yoyote. Hakuna kosa lililoandikwa kwenye daftari la adhabu. Kilichobadilika ni uso wake tu, na alikuwapo mtu mzima aliyeufahamu uso huo kiasi cha kuona kwamba umebadilika.

Mfumo wa kuzuia

Tarehe 18 Desemba 1859 Don Bosco na vijana aliowalea mwenyewe walianzisha Shirika la Wasalesiani, chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko wa Sales, mwalimu wa upole. Mwaka 1872, pamoja na Mtakatifu Maria Domenica Mazzarello, alianzisha Shirika la Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo kwa ajili ya wasichana. Mwaka 1875 wamisionari wa kwanza walisafiri kwenda Argentina.

Mwaka 1877 aliandika kwa ufupi juu ya malezi yake. Alieleza kwamba zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutangaza sheria, kukaa mbali, kisha kumwadhibu anayekosa. Inaweza kuleta utulivu, lakini huacha uchungu moyoni. Ya pili ni kufahamisha sheria, kisha kukaa pamoja na watoto kama baba mwenye upendo, kuwaongoza na kuwaonya kabla hawajaanguka. Njia hiyo aliisimika juu ya nguzo tatu: akili, dini na upendo wenye upole. Kwa akili, mtoto aelezwe sababu ya anachoagizwa. Kwa dini, afunguliwe njia ya Kitubio na Ekaristi Takatifu bila kulazimishwa kamwe. Kwa upole, asipigwe, wala asiaibishwe mbele ya wenzake, bali aonywe faraghani. Apewe pia uhuru wa kukimbia, kuruka na kupiga kelele. Muziki, maigizo na matembezi viwe sehemu ya malezi.

Mwezi Mei 1884, akiwa Roma, mzee na mchovu, aliwaandikia barua wanawe wa Valdocco. Alihuzunika kwamba walezi wameanza kuondoka uwanjani, na vijana wameanza kuwaogopa. Aliwakumbusha kwamba upendo uliofichwa moyoni mwa mlezi haumfai mtoto. Sharti auone na kuuhisi.

Don Bosco alifariki dunia Torino alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, akiwa na umri wa miaka 72. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Wanawe walifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1911, na tangu mwaka 1980 wamekuwapo pia Tanzania na Kenya, wakilea vijana katika shule, vyuo vya ufundi na parokia.

Sisi na watoto wetu

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kinga aliyoitumia Don Bosco haihitaji fedha nyingi. Inahitaji muda na macho. Mzazi amfahamu mwanawe kiasi cha kuona anapoacha kucheza, anapokosa usingizi au hamu ya kula, anapolalamika tumbo kila asubuhi ya shule na daktari haoni ugonjwa, anapokuwa mkali bila sababu au alama zake zinaposhuka ghafla. Asianze na fimbo. Aanze na kiti: akae naye, amuulize, anyamaze, asikilize. Baba na mama walio na mtoto bwenini wamuulize habari za marafiki, usiku wake na hofu zake kabla ya kumuuliza nafasi aliyoshika darasani. Mwalimu akumbuke kwamba mtoto anayetetemeka haelewi somo, na kwamba kumcheka mbele ya darasa ni pigo linalodumu kuliko kiboko. Viongozi wa Utoto Mtakatifu na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wawape watoto nyimbo, michezo na mtu mzima mwaminifu wa kuzungumza naye. Upole huo usiwe pazia la uovu: kila mlezi awe mahali anapoonekana, na mtoto anayesema ametendewa ubaya asikilizwe na kulindwa, hata kama anayetajwa ni mtu wa heshima.

Tuseme pia ukweli huu bila woga. Si kila mtoto anayeugua amekosa upendo, na wazazi wake wasihukumiwe. Unyong'onyevu mkubwa, wasiwasi usiokoma na magonjwa mengine ya akili ni magonjwa, kama ilivyo malaria. Si kila huzuni ni pepo, wala si uvivu, wala si ukosefu wa imani. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali, na anayezungumza juu ya kufa au kujidhuru asiachwe peke yake hata saa moja kabla ya kupata msaada. Sala na Sakramenti ziende pamoja naye hadi kwa daktari. Zisimzuie kufika huko. Hata Don Bosco alipolala mgonjwa mwaka 1846, vijana wake walisali na madaktari waliendelea kumtibu.

Katika adhimisho la mwaka huu, kila familia ichague jioni moja katika juma, simu na runinga vizimwe, na kila mtoto apate zamu yake ya kusikilizwa. Kabla ya kulala, mzazi amwekee mkono kichwani, ambariki, na amwambie neno moja jema. Mama Margherita alianza hivyo na yatima mmoja aliyelowa mvua.

Mtakatifu Yohane Bosco, Baba na Mwalimu wa vijana, utuombee.